Usawa, mlinganyo au urari? Swali la mwanafunzi wa grafiki

Msomaji ameuliza: "Shikamoo mwalimu. Nasoma stashahada ya grafiki, mwaka wa kwanza. Slaidi ziko kwa Kiingereza, maelezo kwa Kiswahili, na kila mwalimu ana maneno yake. Mmoja somo analiita usanifu wa michoro, mwingine ubunifu wa michoro, mtaani wanasema dizaini basi. Kwenye jaribio tuliulizwa kanuni za msingi, nikaandika usawa nikawekewa kosa, eti jibu ni mlinganyo. Naomba unisaidie, ipi ni ipi?"

Marahaba mdogo wangu. Nianze na hilo jaribio maana najua ndo linalokuuma. Kanuni mliyoulizwa ni ile slaidi zinaiita balance, yaani vitu kwenye ukurasa kubebana bila kuelemea upande mmoja. Mlinganyo sio jibu. Mlinganyo ni ile ya hesabu, x + 5 = 12, tafuta x. Nadhani aliyesahihisha alikuwa na mlingano kichwani, yaani hali ya vitu kulingana, sauti moja tu imeteleza, ila kwa maana hayo ni maneno mawili tofauti kabisa na haifai mwanafunzi apoteze maksi hapo.

Sasa na usawa wako nao, sio kwamba umekosea sana, ila lile neno limeshabeba mizigo mingine mingi. Kuna usawa wa jinsia, usawa wa bahari, usawa mbele ya sheria, na kote huko unasikia habari ya vitu kuwa sawasawa au kuwa kimo kimoja. Kwenye bango haiko hivo. Unaweza kuweka picha kubwa iliyopauka upande wa kushoto halafu kulia ukaweka maneno matatu tu ya wino uliokoza, na jicho likatulia, halioni bango linaelemea upande wowote. Pande mbili hazilingani hata kidogo lakini zimebebana. Mwanafunzi aliyefundishwa kwa neno usawa ataanza kugawa karatasi katikati kama chapati na kurundika vitu vilevile kushoto na kulia, na sitamlaumu, neno ndo limemtuma.

Neno ninalolipenda mimi ni urari. Wahasibu wanalo, na waliosoma ushairi wanalijua toka sekondari, urari wa vina na mizani. Chukua tarbia ya kawaida, shairi la mishororo minne kila ubeti, mshororo una mizani (silabi) 16, ukwapi, yaani nusu ya kwanza, 8 na utao, nusu ya pili, 8, hapo pande zote mbili ni sawa kweli. Halafu chukua shairi la msuko, mishororo yote mirefu mpaka ufike kituo, ule mshororo wa mwisho, ndo unakuta kimekatwa kifupi, na beti haianguki! Kile kituo kifupi kinasimama peke yake na kinabeba uzito wa mishororo mitatu iliyo juu yake. Huo nao kwangu ni urari, wa pande zisizofanana, na ndicho hicho mwalimu wako wa grafiki anachojaribu kuwaeleza kwa slaidi ya Kiingereza.

Kuhusu jina la somo lenyewe, usiumie sana, hata Wazungu jina lao, graphic design, sio la zamani. Anayetajwa sana ni William Addison Dwiggins, Mmarekani, aliyelitumia mwaka 1922 kuelezea kazi yake ya kupanga maandishi na picha kwa ajili ya kuchapwa, kwahiyo ni miaka mia na kidogo tu. Kwetu bado linatafuta kiti. Kubuni ni kutoa kitu kichwani ambacho hakikuwepo, ndo maana tuna hadithi ya kubuni. Kusanifu ni kukitunga na kukipanga kwa ufundi mpaka kisimame, ndo maana tuna Kiswahili sanifu, na Kenya wana msanifu majengo ambaye sisi Tanzania kwenye karatasi za serikali tunamwita mbunifu majengo. Kwahiyo waalimu wako wote wawili wako salama, mmoja anaangalia wazo, mwingine anaangalia kazi ya mkono. Mimi nikilazimishwa kuchagua nasema usanifu, kwasababu wazo kila mtu analo, kinachofundishwa darasani ni kupanga.

Kinachonisumbua zaidi ni hiyo michoro. Nimekutana na vijana kadhaa walioogopa hili somo wakisema mimi sijui kuchora, na wengine wamelichagua kwasababu wanachora vizuri sana halafu wakashangaa muhula mzima wanahangaika na herufi. Mchoro kwa Mswahili ni kitu cha penseli, au ramani ya fundi wa nyumba. Grafiki ni maneno, picha, rangi na nafasi vikipangwa pamoja ili mtu aelewe haraka. Usanifu michoro limeshazoeleka na silipigi vita, ila mwalimu akilitumia aeleze siku ya kwanza kabisa kwamba kuchora sio sharti. Na dizaini nayo ni neno zuri tu, dizaini hii, dizaini hizi, kudizaini, halina kosa lolote, shida yake ndogo ni kwamba vijana wa mjini washalipa kazi nyingine, "dizaini kama amenuna", kwahiyo kwenye mtihani andika usanifu.

Haya, kanuni nyingine. Hapa naomba ufungue sanduku la mama au bibi utoe kanga moja uitandaze kitandani, sisemi kwa mfano, itoe kweli. Utaona pindo limezunguka pande zote nne, katikati mji, na chini ya mji kuna jina, yale maandishi, mara nyingi kwa herufi kubwa ndani ya kisanduku chake. Aliyesanifu hiyo kanga amefanya karibu kila kitu kilichoko kwenye slaidi zenu. Ua la pindo limejirudia kote, hiyo ni takriri, au marudio, yote sawa. Rangi ya jina imekoza juu ya rangi iliyopauka, au kinyume chake, mtu akipita mbali anasoma. Hiyo wengi wanaiita kontrasti, wengine ukinzani, na ukinzani mimi siutaki maana mafundi umeme na waalimu wa fizikia wameshauchukua. Sema mlinganuo. Sikiliza lile -ua la mwisho la kulinganua, ni lilelile la fungua, zibua, kunjua, linageuza. Kulinganisha ni kutazama vitu vinafanana wapi, kulinganua ni kuonesha vinaachana wapi, na herufi isipoachana na ilipolala haisomeki.

Na ile sehemu tupu kuzunguka jina usiiite nafasi nyeupe tafadhali! Kwenye kanga inaweza kuwa nyekundu au ya zambarau. Ni nafasi wazi. Kazi yake ni kuliacha jina lipumue.

Kupanga vitu mstari mmoja, hapo wengi wanasema mpangilio, lakini mpangilio ni kila kitu, hata samani sebuleni. Msikitini kabla ya swala utasikia nyoosheni safu, na mwashi kabla hajaanza tofali anavuta kamba. Ndo hicho hicho. Kunyoosha safu, na nomino yake unyoofu wa safu, mtoto wa shule ya msingi anaelewa bila kuchorewa.

Ukaribu ndo kanuni nyepesi kuliko zote na ndo inayovunjwa kila siku. Juzi nimeletewa kadi ya mchango wa harusi kwenye simu, nzuri, maua ya dhahabu, namba ya kutumia hela iko juu kulia, halafu jina la mwenye namba liko chini kushoto chini ya jina la ukumbi. Nikatafuta weee. Unajua ukituma hela unaangalia jina kwanza, sasa mimi jina nililoliona karibu na namba lilikuwa la bibi harusi, na kwenye simu likaja jina lingine la kiume, nikaghairi, nikampigia mweka hazina kwanza. Vitu vinavyohusiana vikae jirani, basi, na visivyohusiana vitengane.

Kwahiyo hiyo karatasi yako ya jaribio usiitupe. Mpelekee mwalimu kwa adabu, umuulize kama alimaanisha mlingano, na umwambie wewe ulimaanisha urari, halafu mchoree hapohapo mfano wa ile picha kubwa iliyopauka na maneno matatu yaliyokoza. Mwalimu akiuona huo mfano atajua umeelewa, hata kama maksi hatarudisha.