Ukifika California, usiufukuzie mti mrefu kuliko yote

SWALI: Shikamoo babu. Binti yangu anaishi Oakland, Marekani, ameniita nikamtembelee Julai hii. Anasema atanipeleka kuona mti mrefu kuliko yote duniani. Mimi misindano ya shamba la miti la Sao Hill naiona kila nikipanda basi la Iringa, huko nitashangaa nini? Halafu magoti yananisumbua. Na jirani yangu ana picha ya gari linapita ndani ya mti, ni kweli hiyo?
Mama Neema, Makambako

JIBU: Marahaba, Mama Neema. Kamwene.

Tuanze na jirani. Picha nyingi za namna hiyo ni za mti wa Wawona, uliotobolewa 1881 ukaanguka 1969. Ule ni sekwoya, jamii ya miti mikubwa ya kule, tena wa milimani, mnene zaidi. Binti yako anazungumzia sekwoya wa pwani, mwembamba kidogo lakini mrefu kupita wote.

Mrefu kuliko yote unaitwa Hyperion, una karibu mita 116, uligunduliwa 2006. Mwambie binti aachane nao. Watu waliukanyagia mizizi mpaka mwaka 2022 eneo lake likafungwa; ukikamatwa, faini inafika dola 5,000 na kifungo hadi miezi sita. Na ukisimama chini yake kilele hukioni. Sasa umefuata nini?

Mimi nimekata na kupanda misindano maisha yangu yote ya kazi. Msindano wa miaka 25 kwetu ni mzee, unasubiri msumeno. Kijana wangu aliponipeleka msitu wa Prairie Creek, mwendo wa kutwa nzima kwa gari kaskazini mwa San Francisco, mkono uliingia mfukoni wenyewe kutafuta utepe wa kupimia. Mti tuliouegeshea gari jirani una kipenyo cha mita 7 na ushee, na umri wake unakadiriwa miaka 1,500. Utepe wangu wa mita 5 haukuzunguka hata robo. Nikaanza kukokotoa kyubiki za mbao, nikajionea aibu, nikaacha.

Kilichonishika zaidi ni ukungu. Kiangazi kule mvua ni haba sana, lakini ukungu wa Pasifiki unapanda mabondeni asubuhi nyingi, majani yanaukamata, matone yanadondoka chini, na mengine majani yenyewe yanayanywa. Ndiyo maana miti hii haiendi mbali na bahari. Wewe umekulia kwenye baridi yetu ya Juni, ukiingia mle utadhani uko Mufindi alfajiri. Basi beba lile sweta zito. Usidanganywe na neno kiangazi, Julai ya San Francisco inatetemesha.

Tazama na visiki. Tangu mbio za dhahabu za 1849 walikata mpaka msitu wa zamani ukabaki kama asilimia 5 tu. Lakini mti huu ukikatwa unachipua, kama mlingoti wetu (mkaratusi), na utaona watoto wamesimama duara kumzunguka mama ambaye hayupo. Mimi niliyezoea kung'oa visiki nilikaa pale mpaka kijana akapiga honi.

Kwa magoti yako, Prairie Creek ni safari ndefu. Nenda msitu wa Muir Woods, ng'ambo ya daraja la Golden Gate, si mbali na Oakland. Miti yake haifiki mita 80, mingi ina miaka 600 hadi 800, nayo inatosha kukuumiza shingo. Njia kuu ni tambarare, sehemu kubwa imetandikwa mbao. Ila maegesho lazima yalipiwe kabla, na tiketi ipakuliwe kwenye simu mkiwa bado nyumbani, maana kule bondeni mtandao haushiki. Sisi tulifika tukiwa hatujapakua, tukarudi juu barabarani kutafuta mtandao, mzee mzima nimenyoosha simu angani.