Mkandarasi wa matengenezo aitwe kabla ya fidia ya ardhi

Kazi yangu ni matengenezo ya barabara huku mashariki mwa Uganda: kufyeka kando, kuzibua kalavati (mabomba ya kupitisha maji chini ya barabara), kuziba mashimo. Kwa kawaida sisi huitwa siku ya makabidhiano, wakati kila kitu kimeshamwagwa zege. Ushauri wangu kwa mhandisi anayeandaa mradi: tuiteni kabla wathamini hawajaenda kupima ardhi ya kufidia.

Sababu ni maji. Mtaro wa kando lazima uwe na michepuko ya kuyatoa, na mchepuko huishia shambani kwa mtu. Ardhi ya Uganda ni ya wananchi, ndivyo isemavyo Katiba ya 1995, na mwenyewe anatakiwa kulipwa kabla ya ardhi yake kuchukuliwa. Michoro mingi niliyoshika ilihesabu upana wa barabara na mitaro, basi. Kwa hiyo mchepuko ukifika mpakani, mzee mwenye shamba anaufukia na kupanda matoke juu yake. Haki anayo. Mvua za Machi hadi Mei zikishuka, maji yanarudi barabarani, yanakula bega la barabara, halafu lami inaanza kumeguka ukingoni. Mtu wa matengenezo akitembezwa njia hiyo siku ya mvua atakuonyesha maji yanakotaka kwenda, na vile vipande vya shamba vitaingia kwenye orodha ya fidia fungu likiwa bado lipo. Baadaye hakuna atakayevilipia.

Kalavati nayo ina mambo yake. Kwenye hesabu, bomba la milimita 600 huenda likatosha kabisa kupitisha maji. Kulizibua ndiyo shughuli: kijana hapenyi na jembe lake, anabaki kusukuma mti mrefu kutoka huku na kule, na katikati mchanga umeshikana na chupa za plastiki. La 900 mtu anainama, anaingia na sepetu.

Pale Malaba, mpakani na Kenya, malori yanayosubiri kuvuka hulala kando ya barabara, dizeli inadondoka, lami inalainika. Kiraka cha lami hapo ni pesa ya kutupa. Wekeni zege tangu mwanzo.

Wakandarasi wa matengenezo nao wana njaa zao, msituamini kwa kila neno. Ukimwita mmoja peke yake, wenzake watalalamika wakati wa zabuni kwamba alishapewa siri. Mimi ningewalipa wawili watatu kwa siku zao, kisha maoni yao yaingie kwenye nyaraka za zabuni kila mwombaji ayasome.

Kwenye barabara ya Tororo, Mbale, Soroti, Lira hadi Kamdini, mradi uliofadhiliwa na Benki ya Dunia ulikuja na mkataba wa aina nyingine: anayekarabati ndiye anayebaki kuitunza kwa miaka, akilipwa kulingana na hali ya barabara. Naupenda mpango huo. Anayejua kwamba atarudi kuzibua mwenyewe anafikiri mara mbili kabla ya kuagiza mabomba.

Wilaya nyingi haziwezi mikataba ya ukubwa huo. Zina vibarua wa vijijini, waliogawiwa kila mmoja kipande chake cha kufyeka na kuzibua. Mkikagua njia, msiishie kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji. Mtafuteni huyo kibarua, mumpe posho ya siku, atembee mbele yenu.