Kigoda kilichonila miezi mitatu

Wadogo zangu mnaoanza uzamili wa fasihi ya Kiingereza, juzi nimeletewa pendekezo la utafiti lenye kichwa "Mwanamke katika riwaya ya Kiingereza". Riwaya zote? Tangu Defoe, yule wa Robinson Crusoe, hadi jana? Nilicheka, kisha nikaona haya, maana langu la kwanza lilikuwa hivyohivyo.

1. Soma masharti ya idara yako, si ya rafiki yako. Uingereza kwa kawaida ni mwaka mmoja, krediti 180, na tasnifu hubeba 60 kati ya hizo. Marekani huchukua miaka miwili hivi, na idara nyingi hutaka uthibitishe kuwa unasoma lugha nyingine ya kigeni. Mtihani huo umalize mapema. Habari za "nitajisomea likizo" tumezisikia.

2. Sampuli ya uandishi unayoambatisha kwenye maombi iwe insha moja iliyonolewa. Barua za mapendekezo ziombe mapema, walimu ni watu.

3. Jua toleo unalosoma. Hapa kaeni vizuri.

Sura yangu ya pili ilihusu King Lear, tamthilia ya Shakespeare, pale katika tendo la tatu mfalme, akili zimemruka, anapowafungulia binti zake kesi, na kigoda kinashika nafasi ya Goneril kizimbani. Nilikipenda kigoda kile! Kurasa kumi na nane. Nikadai ndicho kitovu cha tamthilia kama ilivyochapwa katika Folio ya 1623, kile kitabu kikubwa kilichokusanya tamthilia za Shakespeare. Kumbe kitabu changu kilichanganya Folio hiyo na Kwarto ya 1608, yaani chapa ndogo ya tamthilia hii peke yake, na dibaji ilieleza wazi, ila nani anasoma dibaji? Siku ya kutetea, mtahini wa nje akanisogezea nakala ya Folio, kwa upole wa kutisha: "Hebu nionyeshe hiyo kesi." Nikafunua. Nikarudi ukurasa mmoja. Nikaenda mbele miwili, kidole kinatetemeka juu ya mistari. Haimo. Imo kwenye Kwarto tu. Msimamizi wangu alikuwa anakagua dari. Nikapewa marekebisho makubwa, miezi mitatu, na sura yote ikaanza upya. Mpaka leo nikikalia kigoda najihisi mshtakiwa.

4. Rejea ziandike unaposoma, pamoja na namba ya ukurasa.

Yule wa "Mwanamke" karudi jana. Sasa ana riwaya mbili tu, nikampongeza. Nikamuuliza, toleo gani? Kimya.