Chanjo ya binti yako na hizo nyaraka za miaka 75: jibu la muuza dawa wa Makorora

Dada mleta uzi, umeuliza mawili kwa mpigo: kama ni kweli Marekani ilitaka kufungia nyaraka za chanjo ya Pfizer kwa miaka 75, na kama umruhusu binti yako achanjwe shuleni chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi. Nina duka la dawa muhimu hapa Makorora, Tanga, na maswali haya nayapokea kaunta kila mara, kwa hiyo univumilie nikienda kirefu.

La miaka 75 lina ukweli wake. Mwaka 2021 kundi la madaktari na wanasayansi liliishtaki FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, likitaka nyaraka za kuidhinisha chanjo hiyo ya korona ya Pfizer. FDA ikajibu kwamba itaweza kutoa kurasa 500 kwa mwezi. Walalamikaji wakapiga hesabu, ikaja zaidi ya miaka 50, baadaye 75. Januari 2022 jaji wa Texas akaamuru kurasa 55,000 kwa mwezi. Kipande hicho cha mwisho ndicho kinachokatwa kwenye ujumbe wa WhatsApp. Hata hivyo anayekasirika namwelewa: chanjo imeidhinishwa ndani ya miezi minne, karatasi zake zije kusomwa na wajukuu?

Historia nayo haisaidii. Vioxx, dawa ya maumivu ya viungo ya Merck, iliondolewa sokoni Septemba 2004 kwa sababu ya madhara yake kwa moyo, na baadaye ikajulikana kuwa ripoti ya utafiti wake ya mwaka 2000 iliwaacha nje wagonjwa watatu waliopata shambulio la moyo. Hapa kwetu takwimu za korona zilikatika mwishoni mwa Aprili 2020. Februari 2021 Wizara inasema haina mpango wa kupokea chanjo, Julai Rais Samia anachanjwa mbele ya kamera. Mzee wa Ngamiani, hapa mjini, akisema "hawa watu siwaelewi", utamlaumu kwa lipi?

Ninapoachana na wenzangu wa baraza la kahawa ni pale wanaporuka kutoka "wanaficha" hadi "basi ni sumu". Chukueni Korogwe, hapo jirani. Chanjo ya malaria ya RTS,S ilijaribiwa huko na Bagamoyo, miongoni mwa vituo 11 katika nchi saba za Afrika, kwa watoto zaidi ya 15,000. Matokeo ya mwisho yalichapishwa 2015 pamoja na madoa yake: homa ya uti wa mgongo ilionekana zaidi kwa waliochanjwa, na vifo vya wasichana vilikuwa vingi kuliko kundi la kulinganisha. Kwa hayo WHO, Shirika la Afya Duniani, ikataka isambazwe kwanza kwa uangalizi. Ghana, Kenya na Malawi zikaanza 2019, mamia ya maelfu ya watoto wakachanjwa, dalili zile hazikujirudia, ndipo Oktoba 2021 ikapendekezwa rasmi.

Mimi kinachonikera zaidi ni yale yasiyoandikwa kabisa. Mteja wangu mmoja alimeza Septrini, dawa yenye salfa, akavimba midomo na kutoka malengelenge mwili mzima. Kituoni walimtibu vizuri, sina neno. Nikaulizia fomu ya njano ya TMDA, mamlaka yetu ya dawa na vifaa tiba, ile ya kuripoti madhara ya dawa. Ikajazwa kwa kusitasita. Muda mrefu baadaye nimepita pale, iko kwenye droo ileile chini ya daftari la wagonjwa. Hapa Tanga wangapi wanakwambia "mimi na salfa hatupatani"? Na wangapi wameandikwa popote? Isiyoandikwa hata jaji wa Texas hawezi kuamuru itolewe.

Sasa binti yako. Chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi ilianza kutolewa nchini 2018, na tangu 2024 ni dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Mwaka 2017, dozi zaidi ya milioni 270 zikiwa zimeshasambazwa duniani, kamati ya WHO ya usalama wa chanjo ilikadiria mzio mkali kuwa visa 1.7 kwa kila dozi milioni. Kuzimia hutokea, zaidi kwa woga wa sindano. Ovari kuacha kazi mapema, ndiko unakotoka uvumi wa ugumba, kamati hiyo ilichunguza isione ushahidi kwamba kunaletwa na chanjo.

Wa kwangu amechanjwa. Wako ale kwanza, akichomwa akae robo saa bila kukimbia uwanjani. Likitokea lolote, mpeleke kituoni na kadi yake, fomu ijazwe ukiona, uipige picha kabla hujaondoka. Na urudi Ijumaa kuulizia imeshatumwa wapi.