Swali la Lugha: Mwamba wa barafu au mwamba wa mashapo ya barafuto?

Msomaji anayeandika kuhusu miamba ya kale anauliza kama ni sahihi kuuita "mwamba wa barafu" ule wenye mawe ya kila ukubwa yaliyoshikamana ndani ya tope lililogeuka kuwa gumu, mfano wa miamba ya Dwyka nchini Afrika Kusini.

Jina hilo nisingelitumia. Kihusishi cha -a unganifu mara nyingi hutaja kile ambacho kitu kimeundwa nacho, kama katika "nyumba ya mawe", hivyo atakayesoma "mwamba wa barafu" atafikiria bonge la barafu lenyewe. Barafuto, yaani barafu nene inayosogea polepole juu ya nchi kavu, huzoa mawe, mchanga na udongo na kuviacha pale inapoyeyuka. Masalia hayo ndiyo mashapo, nayo huwa mwamba baada ya kufukiwa na kugandamizwa kwa muda mrefu sana. Kwa hiyo andika "mwamba wa mashapo ya barafuto", na katika maelezo, "mwamba uliotokana na mashapo yaliyoachwa na barafuto". Ukiandika "mwamba ulioachwa na barafuto", upatanisho wa ngeli utakuwa sawa lakini maana itapotoka, kwa kuwa barafuto haikuacha mwamba.

Wanajiolojia huuita mwamba huo tilaiti, ila jina hilo linadai kwamba asili yake imethibitishwa. Maporomoko ya ardhi na ya matope chini ya bahari nayo huchanganya mawe makubwa na udongo bila mpangilio, na ndiyo maana lipo jina la pili, dayamiktaiti, linalotaja mchanganyiko unaoonekana pasipo kusema kilichouleta. Naona ni vyema mwandishi aanze na hilo, kisha aeleze ushahidi: mawe yenye mikwaruzo iliyonyooka, mwamba wa chini uliosuguliwa, au mawe yaliyodondoka kutoka barafu iliyoelea na kubonyeza matabaka membamba ya tope. Huko Dwyka ushahidi wa namna hiyo upo, hivyo kuitaja barafuto ya miaka milioni 300 hivi iliyopita ni halali kabisa.

Kuhusu maelezo ya mawe yenyewe, "mawe makubwa na madogo" hayatoshi. Sema "mawe, kokoto na mchanga visivyochambuliwa kwa ukubwa", kwa sababu maji yatiririkayo huvitenganisha, ilhali barafuto huvibeba na kuvitua pamoja.