Form one mnaoingia, klabu msijiandikishe kwa kufuata mkumbo

Wadogo zangu, mkishazoea zoezi la kufagia uwanja mtaanza kuitwa huku na huku, skauti wanataka watu, wapinga rushwa wa TAKUKURU wanataka watu, Roots & Shoots wanatafuta wa kupanda miti, na mtu anajiandikisha zote kisa rafiki yake kajiandikisha, Ijumaa ikifika anaishia kupiga stori nyuma ya darasa. Chukua moja, zikizidi mbili.

Kabla hujaandika jina ulizia mlezi ni nani na huwa anakuja? Klabu ambayo mwalimu wake haonekani inakufa kabla ya likizo ya Juni, hata iwe na jina kubwa vipi.

Mimi nilikuwa klabu ya midahalo ya Kiingereza na ndiko ningewasukumia wengi wenu, maana mmetoka msingi mmesoma kwa Kiswahili mpaka la saba, sasa ghafla baiolojia, jiografia, hesabu vyote Kiingereza na darasani mnaona aibu kunyoosha mkono (wa English medium nyie endeleeni kutucheka tu). Usikimbilie kuwa mzungumzaji, omba kuwa mtunza muda, unakaa mbele na kengele yako unasikia kila hoja inavyojengwa na inavyobomolewa, halafu siku moja unasimama na "taarifa mheshimiwa mwenyekiti" yako ya sentensi moja, basi, umeanza. Mada zenyewe zinajirudia, mkulima na mwalimu nani bora, bweni au kutwa, kwa hiyo weka daftari na andika hoja za wapinzani kwanza, zako zitakuja zenyewe.

Wa sayansi kuna Young Scientists Tanzania, mashindano ya utafiti ya wanafunzi wa sekondari, yapo tangu 2011, na hayahitaji maabara ya maana, maji ya kisima cha kwenu yanatosha kuwa utafiti. Ila vipimo andika siku ileile, jaji akikuuliza namba hii umeipataje kama ulipika ataona tu.

Nyie wa UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, mlioitwa mastaa kule UMITASHUMTA ya shule za msingi, huku mtakabana na kaka wa form four wana ndevu kabisa, msishangae kukaa benchi. Na ukipenya wilaya mpaka timu ya mkoa unaingia kambini, vipindi vinaendelea bila wewe, hakuna mwalimu atakayekusubiri. Mtafute mapema wa kukuandikia notsi, sio mshikaji wako wa kucheka nae, yule mwenye mwandiko unaosomeka, na daftari umwachie kabla basi halijaondoka.