Stendi ya tandiko la farasi: gogo la mnazi au mbao?

Kaka, gogo la mnazi liache. Tandiko likikaa juu ya gogo jembamba, uzito wote unaangukia katikati, pale ambapo hata mgongo wa farasi haugusi, na taratibu linapoteza umbo. Chukua mbao mbili za sentimita 60 kwa 20, ziinamishe kama paa, na juu uache uwazi wa vidole vinne. Hapo mito ya chini ya tandiko inalalia mbao, na upepo unapita. Huo upepo ndio muhimu kwetu huku: masika ngozi inaota ukungu upesi mno, hasa ikiwa na jasho la farasi. Kingo za mbao zipige randa, kisha msasa, mpaka kiganja kiteleze bila kukwaruzwa.

Miguu minne iliyotanuka, kimo sentimita 90 hivi, yatosha. Mbao iwe kavu, msaji ukiupata ni bora dhidi ya mchwa. Misumari ya kawaida hapo ufukweni Kendwa itashika kutu na kuchafua ngozi. Tumia skrubu za shaba. Na tandiko usilifunike kwa nailoni, tafadhali, shuka la pamba tu.